Mama na Mwana Kwenye Benchi Moja

Selpha alipofika kwenye kiwanda cha samaki asubuhi hiyo, alimkuta Griffin, mwanawe wa kwanza, ameketi kwenye benchi la wanaosubiri mahojiano.

"Mama, umefuata nini huku?"

Griffin akavitazama viatu vya mama yake vya kanisani na bahasha ya vyeti, akaelewa.

Nafasi ilikuwa moja tu: fundi wa vyumba vya baridi.

Kwa miaka mingi Selpha alifua nguo katika nyumba za matajiri wa Milimani, mpaka mgongo ukamkatalia. Alipokaribia miaka arobaini na tatu akajiandikisha masomo ya jioni katika chuo alichosoma Griffin, kozi ile ile ya friji na mitambo ya baridi. Nyumbani kwao Otonglo, Griffin ndiye aliyemchorea mara kwa mara jinsi gesi inavyozunguka ndani ya mtambo, hadi akashika. Alipomaliza, alikwenda kwa Debra, mshauri wa ajira pale chuoni. Debra alimsaidia kuandika maombi, akamfanyisha mazoezi ya mahojiano, akamkataza kuomba msamaha kwa ajili ya umri wake. Nyumbani Selpha hakumwambia mtu, akiogopa aibu ya kukataliwa. Griffin, ambaye alikuwa amekataliwa mara nyingi, naye alinyamaza kwa sababu hiyo hiyo.

Selpha alitoka hadi getini, akampigia Debra simu.

"Madam, ulijua Griffin naye ameomba kazi hii?"

"Nilijua, Mama Griffin. Lakini mambo ya mwanafunzi mmoja siwezi kumpelekea mwingine, hata akiwa mzazi wake."

"Basi mimi narudi nyumbani. Achukue yeye."

"Umemuuliza kama anataka kuachiwa?"

Alirudi kwenye benchi, akamnong'oneza mwanawe kwamba anaondoka. Griffin aligeuka kwa hasira.

"Ukiondoka, na mimi naondoka. Sitaki kazi ya kuonewa huruma."

Kabla hajajibiwa, akaitwa ndani. Alipotoka shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Alimpita mama yake bila kumtazama.

Ikawa zamu ya Selpha. Mbele yake waliketi watu watatu, na aliyeuliza maswali ni meneja, Bwana Paras.

"Chumba kimeacha kupoa, kompresa bado inanguruma, na samaki aina ya mbuta wamejaa ndani. Unaanzia wapi?"

Selpha alilijua jibu. Alijua pia kwamba akisema neno moja la kijinga, Griffin huenda akapata. Akainamisha macho kwenye bahasha yake.

"Mama, umesikia swali?"

"Nimesikia." Akainua uso. "Naangalia kwanza kama feni zinazunguka, na kama barafu imeziba koili za kupozea hewa. Gesi siigusi kabla ya hapo."

Akaendelea mpaka mwisho.

Walimchagua yeye. Simu ya kiwanda ilipopigwa Griffin alikuwa chumbani, akasikia kila kitu. Alivaa viatu, akatoka, akaenda kukaa kwa rafiki yake huko Kisian. Selpha alianza kazi akiwa hana raha. Kila alipofika nyumbani jioni alichungulia kwanza chumba cha mwanawe, akakikuta kitupu.

Jumapili moja, Selpha akiwa anachambua mboga, Griffin aliingia. Alikuwa amekonda kidogo.

"Madam Debra amenipatia mahojiano Busia," alisema akiwa bado amesimama. "Ameniambia nifanye mazoezi na mtu aliyefaulu."

"Bado umenikasirikia, wuoda, mwanangu?"

"Ndiyo." Akavuta kiti, akaketi mkabala naye. "Lakini niulize kama walivyokuuliza. Na usinihurumie."

Selpha alijifuta mikono kwenye leso. Kisha akauliza swali la kwanza.