Shikamoo Kumi na Moja

Nakumbuka usiku mmoja, mwanangu, ambao ningependa ukumbukwe kwa hotuba niliyoitoa. Kwa bahati mbaya hakuna anayeikumbuka hotuba hiyo, nami mwenyewe nimebaki na sentensi mbili tu. Kilichobaki kichwani ni kamba ya katani, sauti ya mwanamke gizani, na mama yangu aliyelowa mpaka kwenye ushungi.

Nakuandikia kwa kuwa nimesikia kijiji kimekupa wewe kazi ya kusimamia maandamano ya mitumbwi katika sherehe za Uhuru mwaka huu. Hongera. Ratiba uliyonitumia nimeisoma mara mbili, nayo imepangwa vizuri kuliko yangu ya wakati ule: wageni wakae wapi, kwaya iimbe lini, kila mtumbwi uwe na taa ngapi. Nimetafuta ndani yake jina la mtu atakayekaa gizani, sikuliona. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, niko likizo kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya midomoni mwetu, na mdomo wangu ulikuwa na kazi nyingi kuliko mikono yangu. Kijiji cha ujamaa ndiyo kwanza kilikuwa kimeanza kando ya Mkondoa, mwendo wa baiskeli kutoka mjini Kilosa, pale mto unapoachana na vilima na kuanza kutambaa kwenye tambarare. Daraja lilikuwa limechukuliwa na mafuriko, zikabaki nguzo mbili zimesimama katikati ya maji, na kati yake nafasi ya kupita mtumbwi mmoja. Ukikosea nafasi hiyo, mkondo unakubamiza kwenye nguzo.

Wazo la kuandamana usiku kwa mitumbwi yenye taa lilikuwa langu. Nililipenda kiasi cha kupanda lori la mahindi mpaka Mikumi kuazima karabai ya shangazi yangu, aliyekuwa na mgahawa kando ya barabara. Nilirudi nimeipakata njia nzima kama mtoto mchanga, na kila lori liliporuka kwenye shimo nilipiga kelele kwa niaba yake.

Aliyekuwa akivusha watu pale kwenye nguzo ni Bi Zaituni, mjane wa rika la mama yangu. Mume wake alipofariki, wazee walianza kutafuta mwanamume wa kushika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Walipokuwa bado wanashauriana, yeye alikuwa amekwisha kuvusha watu kwa siku tatu. Wakaacha kutafuta.

Alikuja kwenye kikao chetu cha maandalizi, akakaa mkekani, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ana mambo mawili. Kwanza, kwenye kona ya juu, kabla ya kufika nguzoni, kuna mkuyu ulioanguka na matawi yake yamejificha chini ya maji. Aliomba vijana wanne kwa siku moja waukate. Pili, usiku wa sherehe yeye atafunga kamba ya katani kutoka nguzo hii hadi nguzo ile, na hatailegeza mpaka kila mtumbwi umwamkie.

"Wakuamkie?" nikauliza.

"Shikamoo," akasema. "Mtumbwi mmoja mmoja."

Hapo, mwanangu, elimu ikanipanda. Nikasimama nikaeleza kwamba sasa sote ni ndugu, kwamba Mwafrika hapaswi tena kumshika mwenzake miguu hata kwa neno, kwamba salamu hiyo ina harufu ya bwana na mtumwa. Nilieleza kwa muda mrefu. Nilipokaa, Bi Zaituni akaitikia kwa upole, "Marahaba."

Kikao kizima kilicheka, na mwenyekiti alikohoa ili asionekane akicheka. Nikajaribu kuokoa heshima kwa swali la kitaalamu.

"Na taa yako utaitundika wapi, Bi Zaituni?"

"Sina taa."

"Lakini haya ni maandamano ya taa."

"Taa ni ya kuonekana, Bwana Mipango. Mimi nataka kuona."

Jina hilo la Bwana Mipango lilinikaa. Mpaka leo wako watu kijijini wasiojua kwamba nina jingine.

Vijana wanne sikumpa. Nilikuwa nawahitaji kwa kupamba mitumbwi kwa majani ya migomba. Siku mbili baadaye nilipita kando ya mto nikamwona yeye na wanawake wawili wamezama mpaka kiunoni, wanaukata mkuyu kwa mapanga. Niliwapungia mkono.

Mama yangu alikuwa akiishi Magomeni, pale Kilosa mjini, na vitumbua vyake ndivyo vilivyonisomesha. Alikuwa hajui kuogelea na hakuupenda mto. Nilimwendea nikamwambia kwamba nimemwekea nafasi katika mtumbwi wa mwisho, wa kumi na mbili, ambao ndio wa heshima.

"Kwa nini wa heshima uwe wa mwisho?" aliuliza.

"Kwa sababu wote watakuwa wanakusubiri wewe."

Alinitazama kama mtu anayetazama kitumbua kilichochelewa kuiva. Lakini alikuja, kwa sababu mimi ni mwanawe.

Usiku ulipofika kila kitu kilikuwa kama nilivyoota. Mitumbwi kumi na miwili ilijipanga huko juu, kila mmoja na chemli yake, nami nikiwa mbele na karabai inayovuma. Ngoma ilikuwa katika mtumbwi wa tatu. Niliamuru watu waimbe njia nzima bila kunyamaza, ili mgeni rasmi aliyeletwa kwa gari kutoka wilayani atusikie kabla ya kutuona. Karabai ile ilimulika vizuri sana pua yangu. Mbele ya pua sikuona kitu, ila weupe mtupu. Kwenye kona, mwenzangu aliyeshika kafi aliniuliza tupite kulia au kushoto, nikamwambia twende katikati, jibu linalofaa kwa maswali mengi usiyoyajua.

Tulifika kwenye nguzo, mtumbwi ukagusa kamba ukasimama. Nikasubiri ilegezwe. Haikulegezwa.

"Bi Zaituni, ni sisi," nikasema.

Nyuma yangu mitumbwi ilianza kurundikana, na waimbaji walikuwa wamefika ubeti ambao hawaujui.

"Bi Zaituni, mgeni rasmi anangoja."

"Mimi pia nangoja," sauti ikasema kutoka gizani, karibu sana, upande ambao sikuutarajia.

Mwenzangu akaweka kafi chini. "Shikamoo, Bi Zaituni," akasema.

"Marahaba, Hamisi. Na huyo mwenye jua kichwani?"

Nikasema shikamoo. Niliisema kwa sauti ya mtu anayesaini karatasi asiyoipenda. Akaitikia marahaba kwa utulivu kabisa, kamba ikazama, tukapita. Nyuma yangu nikasikia wenzangu wakifuata mmoja mmoja, shikamoo na marahaba, na kila mara jina la mtu. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba sikushangaa anawajuaje wote bila taa.

Gatini, mahali wageni walipokuwa wamekaa, nilishuka, nikageuka kuhesabu. Nilihesabu taa ukingoni: moja, mbili, mpaka kumi na mbili. Nikamwambia mwenyekiti kwamba msafara umetimia, naye akamwambia mgeni rasmi, na mgeni rasmi akanikaribisha niseme maneno machache. Nilikuwa na kurasa nne.

Nilikuwa katika ukurasa wa pili, kwenye umoja, watu walipoanza kutazama mahali pengine. Bi Zaituni alikuwa anapanda kutoka majini, pondo mkononi, kanga imemganda mwilini. Hakunikatiza. Alisimama mpaka nilipomeza mate, ndipo akauliza, "Hesabu yako imetimia, mwanangu?"

"Imetimia. Mitumbwi kumi na miwili."

"Umehesabu nini?"

"Taa."

Akaonyesha kwa pondo. Taa ya kumi na mbili ilikuwa ya muuza kahawa. Alikuwa amekaa ukingoni na birika lake, chemli iko miguuni, na alipoona watu wote wanamtazama akauliza kama kuna anayetaka kikombe.

"Mimi nilihesabu shikamoo," Bi Zaituni akasema. "Zilikuja kumi na moja."

Ndipo mama yangu alipotokea nyuma yake, ameshikwa mkono na wanawake wawili waliokuwa naye mtumbwini, na Saidi, kijana wa rika langu aliyekuwa akiwapigia kafi, anatetemeka meno. Kiatu kimoja cha mama hakikuwepo. Alinitazama mimi na kurasa zangu, akasema, "Endelea, baba. Wote wananisubiri mimi."

Sikuendelea.

Kilichotokea ni hiki. Mkuyu ule wanawake watatu hawakuweza kuumaliza. Tawi moja kubwa lilibaki. Upepo wa kwenye kona ulizima chemli ya mtumbwi wa mwisho, Saidi akalifuata giza, tawi likaukamata mtumbwi ubavuni na kuulaza, maji yakaanza kuingia. Walipiga kelele. Nani angewasikia? Mimi ndiye niliyeamuru watu wasinyamaze. Hata Bi Zaituni, alivyoniambia mwenyewe, hakuisikia sauti yao hata moja. Alisikia shikamoo ya kumi na moja, akaitikia, akangoja ya kumi na mbili, haikuja. Alingoja muda wa kushusha pumzi mara tatu, akafungua kamba, akaupandisha mtumbwi wake dhidi ya mkondo bila taa, kwa sababu njia ile aliijua kwa ncha ya pondo. Aliwakuta wameshikilia tawi. Mama alikuwa na maji kifuani. Aliwatoa mmoja mmoja, na aliyetoka wa kwanza ni mama yangu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kimya. Wanaopiga kelele, alisema, bado wana pumzi.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwake. Safari hii nilisema shikamoo kabla sijafika mlangoni. Nilidhani nimekwenda kuomba radhi kwa kukataa kumheshimu, nikaanza kusema habari za heshima. Akanizuia.

"Heshima ninayo nyumbani," akasema. "Wewe ukimwamkia mtu mzima, kafi unaiweka wapi?"

Nikafikiri. "Naiweka chini."

"Unaweza kumwamkia mama yako huku unapiga kafi?"

"Siwezi."

"Basi. Ukiweka kafi chini, mtumbwi unapunguza mwendo. Ukipunguza mwendo, nguzo haikuumizi. Na ukisema shikamoo, nakujua wewe nani. Taa inazimika, mwanangu. Taa inaweza kuwa ya muuza kahawa. Lakini hakuna mtoto wa hapa, hata awe amelewa, atakayempita mtu wa rika la mama yake asimwamkie."

Akaongeza, "Isipokuwa msomi."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na vingine nimewasomesha watu. Bado sijakutana na mtaalamu aliyechukua salamu ya kila siku, ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza anayo, akaifanya breki na daftari la mahudhurio kwa pamoja. Hakuwa na ratiba wala cheo, na jina lake halikutajwa katika taarifa iliyokwenda wilayani. Taarifa hiyo niliiandika mimi, kwa hiyo najua.

Mwaka uliofuata vijana waliokwenda kuukata mkuyu walikuwa wanane, nami nilikuwa mmoja wao, na malengelenge niliyoyapata niliwaonyesha watu kwa wiki nzima. Usiku wa sherehe nilikaa naye kwenye mtumbwi usio na taa, nikishika ncha ya kamba. Nilimwuliza kama hajutii kutoyaona maandamano. Mara zote mbili aliyaona kwa mtumbwi mmoja mmoja tu, kwa dakika moja moja, na kwa upande wa nyuma. Akasema upande wa nyuma ndio wenye kuonyesha nani kafika.

Alipozeeka na mikono kukataa pondo, tulimweka kwenye kiti karibu na mgeni rasmi. Mitumbwi ilipotokea kwenye kona, taa zote zinameremeta majini, nilimwinamia nikamwuliza anaonaje. Alikuwa amefumba macho.

"Zinapendeza," akasema. "Lakini mbona siwasikii?"

Nikamwambia wako mbali bado. Alikubali, lakini vidole vyake vilikuwa vinahesabu gotini, na hakufumbua macho mpaka vilipofika kumi na mbili.

Sasa, mwanangu, nisikuzungushe zaidi. Kabla hujapamba mtumbwi hata mmoja, ingia mtoni wewe mwenyewe mchana, na panga mkononi, ukajue kilichojificha chini. Taa usiiweke mbele ya macho ya anayeongoza. Pale pembamba weka kamba, na kwenye kamba weka mtu mzima anayewajua watu kwa sauti zao, na mtu huyo asiwe na taa wala kazi nyingine. Waambie waimbaji wanyamaze wakifika hapo. Mgeni rasmi atawasikia baadaye, hana haraka kama anavyodai. Ukifika gatini uhesabu watu kwa majina yao. Na mtu akikwambia jambo kwenye kikao kwa maneno machache, usimjibu kwa maneno mengi, hasa kama umetoka chuoni juzi.

Mwenyezi Mungu akupe macho yanayozoea giza na masikio yanayomsikia ambaye hajaita. Aupitishe kila mtumbwi wako mahali pembamba salama, awafikishe mama zetu wakiwa wakavu, na viatu vyao vyote viwili. Na shikamoo ya kumi na mbili ikija, mwanangu, usiondoke kwenye kamba kabla hujasikia marahaba yake.