Lori Lililoshika Maji

Nilinunua lori kabla sijajua kuendesha hata baiskeli. Kosa lenyewe si hilo. Hilo ni ujinga tu, na ujinga nimezoea kuishi nao kama mtu anavyoishi na goti bovu. Kosa ni kwamba nililinunua bila kufungua boneti. Nililizunguka mara mbili, nikapiga teke tairi moja kama nilivyowahi kuona wanaume wengine wakifanya, nikakohoa, nikasema, "Linafaa." Nyapara wa shamba la mkonge kule Pongwe, aliyekuwa akiliuza, akanitazama kwa huruma. Kumbe alikuwa akijua. Siku tulipokuja kufungua boneti tulimkuta kuku amelalia mayai mahali palipotakiwa kuwa na betri.

Wanaonijua toka miaka ile ya hamsini watakwambia kwamba mimi na lori tulikuwa hatufanani kabisa. Nilikuwa karani, nimesoma mpaka darasa la kumi, na elimu yote hiyo niliitumia kutafuta njia fupi ya kurudi nyumbani. Ofisi ikifungwa saa kumi, saa kumi na nusu niko kibarazani kwetu Makorora, kikoi kiunoni, kikombe cha kahawa mkononi. Kwangu Chumbageni ilikuwa safari. Pangani nilikuwa naisikia.

Sasa lori la nini? La mdomo wangu. Mdogo wangu wa kike alikuwa ameposwa na kijana wa Tongoni. Baba alikwishafariki, kwa hiyo mambo ya mwanamume katika nyumba ile yaliniangukia mimi. Harusi ingefanyika kwetu, bwana harusi akae fungate yake, na siku ya saba bibi harusi apelekwe kwa mumewe pamoja na vyombo vyake. Jioni moja barazani wakaanza kujadiliana apelekwe vipi. Mmoja akataja basi la kukodi. Mwingine akasema karani huyu atamtuma kwa posta. Watu wakacheka, nami, kwa hasira, nikasikia sauti yangu ikisema, "Mdogo wangu atakwenda kwa gari la nduguye."

Neno likishatoka barazani halirudi. Mama alilipata kabla sijaingia ndani. Nilimkuta ukumbini akichambua sufi za godoro la harusi. Kazi hiyo aliifanya kwa miezi, mbegu moja moja, mpaka nyusi zikawa nyeupe kwa manyoya ya sufi. Hakuinua uso.

"Hilo gari lako mimi silijui," alisema. "Ninalolijua ni godoro hili. Mtoto wa kike akifika kwa wakwe na godoro lililolowa, watasema katoka nyumba isiyo na mwanamume. Lifike kavu. Sikudai jingine."

Basi lori likaja. Trekta la shamba lililikokota mpaka pembeni mwa mji, dereva akafungua kamba, akageuza. Toka pale tulilisukuma, wanaume kama ishirini, kupitia Chumbageni mpaka Makorora, na nyimbo walizoniimbia njiani siwezi kuziandika hapa. Rangi yake zamani ilikuwa kijani. Sasa ilikuwa kutu tupu, na mlango wa kushoto ulikuwa na tundu ambalo paka alipita bila kuinama. Tulipofika, jirani yetu, bibi mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua ng'ambo ya ua wetu, alitoka na upawa mkononi.

"Shikamoo, bibi," nikasema, nikihema.

"Marahaba. Mwanangu, hicho umekinunua au umekifukua?"

Ikaanza miezi ambayo, nikiikumbuka leo, naona sikuwahi kuwa na raha kama ile. Nilipata fundi wa injini, Msambaa wa Lushoto aliyekuwa akifanya kazi kwenye gereji ya shamba moja. Kila Jumapili akitoka kanisani kwao Walutheri alikuja na shati lake jeupe, akalivua, akalikunja, akalitundika kwenye mpapai wetu kwa adabu kama analaza mtoto. Kisha akaingia chini ya lori. Mimi mtu wa pwani, yeye wa mlimani, tukaitana watani tangu siku ya kwanza, na utani ukatupa ruhusa ya kutukanana kutwa bila mtu kununa. Mimi nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, na kitabu cha Kiingereza cha mambo ya magari, nikimsomea kwa sauti.

"Mtani," alisema toka chini, "soma kimoyomoyo. Lori hili halikusoma."

Kazi yangu mimi ilikuwa kutu. Niliisugua kwa majani ya msasa, kama mama alivyosugulia kinu, mpaka vidole vikachubuka na chuma kikaanza kuchungulia, cheupe, kama jino. Nilifurahi kila kipande nilichokifikia. Sikuhitaji kwenda popote. Lori lilikuwa uani, na uani ni nyumbani. Harufu ya mafuta ya taa ilichanganyika na ya vitumbua vya jirani. Kabureta niliiosha kwenye sufuria ya mama, naye akanifukuza jikoni na mwiko, nikiwa mwanamume mzima wa darasa la kumi. Na ile Jumapili mtani alipozungusha hendeli mara ya saba, lori likakohoa, likapiga chafya, likanguruma, kuku wa mtaa mzima wakaruka nyua. Mdogo wangu alitoka ndani mbio, mikono ina hina, akacheka mpaka akakaa chini. Kicheko kile bado ninacho.

Lililobaki lilikuwa bodi. Mbao za nyuma zilikuwa zimeoza zote, na fundi wa mbao niliyemjua mimi alikuwa mmoja tu, mjomba wangu wa Tongoni, ndugu wa mama, ambaye maisha yake yote aliunda mashua. Alikuja na kikapu chake cha zana, akapima, akaranda, akapiga misumari. Kisha akatoa pamba na mafuta ya papa, akaanza kuziba kila mwanya kati ya ubao na ubao, kama anavyoziba mashua.

Mtani akatoka chini ya lori, akafuta mikono.

"Shikamoo, mzee. Hapo chini uache nafasi ya kidole kila ubao. Maji yapate kutoka."

Mjomba akamtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni. "Kijana, ubao wangu haujapitisha tone tangu hujazaliwa. Niache ufa? Watu waseme nimezeeka?"

"Mzee, hili linakwenda barabarani."

"Barabarani hakunyeshi?"

"Kunanyesha! Ndiyo maana—"

Wote wawili wakanigeukia mimi, mwenye lori. Nilijua kabisa kwamba mtani ndiye mwenye haki. Lakini mjomba ni mjomba. Kwetu mtu humkosoa baba yake kwanza kabla ya kumkosoa ndugu wa mamaye. Nikasema, "Kahawa inapoa." Mjomba akaendelea kuziba.

Mfungo Mosi, mwezi wetu wa harusi, mwaka ule uliangukia ndani ya masika. Nikaah ikafungwa, fungate ikapita, bwana harusi akatangulia kwao, na siku ya saba asubuhi lori likawaka kwa hendeli ya pili. Tuliazima turubai, tukalifunga juu ya nusu ya bodi, na chini yake tukapanga kasha, masufuria, mikeka, na juu ya vyote godoro la mama. Nilitaka bibi harusi akae mbele. Somo yake aliyemfunda, mwanamke mnene mwenye sauti ya adhana, akakataa. "Mwari wangu hakai bega kwa bega na dereva." Basi mdogo wangu akaketishwa nyuma, juu ya godoro lake, amefunikwa leso gubigubi, na wanawake wakapanda pembeni yake na vigelegele, jirani wa vitumbua akiwa wa kwanza. Mjomba akakaa ukingoni na kikapu chake, akipapasa mbao zake. Mtani akashika usukani, mimi nikakaa karibu naye. Mama, kama ilivyo desturi, alibaki mlangoni. Hakulitazama lori. Alilitazama godoro mpaka tukakata kona.

Mvua ilitupata njiani, tukiwa tumekwishaaga mji na bado hatujaikaribia Tongoni. Si mvua ya kunyesha, mvua ya kumwagwa. Nilikuwa nimetulia. Turubai lilikuwa zima. Juu tulipalinda vizuri. Hakuna aliyefikiria chini. Mara tukasikia kishindo juu ya vichwa vyetu. Ilikuwa ngumi ya somo.

"Simamisha! Simamisha, tunazama na tuko nchi kavu!"

Nikashuka, nikapanda gurudumu, nikachungulia. Ile nusu isiyo na turubai ilikuwa imekinga mvua yote, na maji yalikuwa yamejaa bodi nzima, yamefika karibu na magoti, ndala, vifuu na bilauri moja vikielea juu yake. Wanawake walikuwa wameliinua godoro vichwani chini ya turubai, sita kati yao, shingo zimekaza, na bado wakiimba, ila sasa wimbo ulikuwa wangu na haukuwa wa kusifu. Mdogo wangu amesimama katikati, leso inamdondoka maji. Na mjomba pale ukingoni alikuwa akiyatazama yale maji kwa mapenzi.

"Umeona?" akaniambia. "Halitoki hata tone."

Mtani hakusema, "Nilisema." Utani una mipaka yake. Alisema tu, "Tutoboe, mzee."

"Kitobolewe nini? Kazi yangu haitobolewi. Subirini mvua ikatike, mteke kwa sufuria."

"Mjomba," nikaanza, na neno likaishia hapo. Nilikuwa na kinywa cha kuahidi lori mbele ya baraza zima, lakini cha kumwambia mzee huyu neno moja sikuwa nacho. Pembe moja ya godoro ikashuka, ikagusa maji, ikainuliwa tena.

Ndipo bibi harusi akasema. Mwari hasemi njiani, na kwa siku saba sikuwa nimeisikia sauti yake.

"Mjomba wangu, kazi yako hakuna anayeiweza, Tanga nzima inajua. Lakini hili ni lori. Toboa, mjomba. Godoro la mama linalowa."

Mjomba akatia mkono kikapuni, akatoa keke yake ya kutobolea mbao za mashua, akaingia majini na kanzu yake ya harusi. Alipima kwanza, kwa shibiri, toka ubao hata ubao, sisi tukimngoja na mvua inatupiga.

"Kama ni kuharibu," alisema, "niharibu kwa mstari."

Akatoboa matundu matano. Maji yakatoka kwa kishindo, na wanawake wakapiga vigelegele kuliko vile vya nikaah.

Tongoni walitupokea vizuri. Godoro lilishushwa likiwa bado vichwani, likaingizwa ndani, na mdogo wangu mwenyewe akaligeuza ili ile pembe ielekee ukutani. Ilinuka mafuta ya papa, lakini alikuwa ameolewa kwa wavuvi. Kama kuna pua pale iliyoshtuka, haikusema. Juzi juzi, akiwa bibi wa wajukuu, aliniambia kwamba miaka yote ile, kila masika, pembe ile ilirudisha harufu, naye alikuwa akilala akicheka peke yake. Mjomba hayupo tena. Somo hayupo. Mtani alirudi mlimani, tukaandikiana matusi mazuri kwa barua kwa miaka mingi. Na lori lilikaa uani kwetu, likaenda safari chache tu, na moja baada ya nyingine zikawa fupi zaidi, mpaka tukafanana. Kutu ikarudi polepole. Nililiacha. Ila yale matundu matano yalikuwa yamenyooka mpaka mwisho. Ungeweza kupitisha uzi.

Lakini jioni ile tuliporudi Makorora, mama alikuwa bado amesimama mlangoni. Hakuuliza habari za wakwe, wala za lori.

"Godoro limefika kavu?"

Nikafungua mdomo nikitafuta jibu lenye adabu na ukweli kiasi. Bibi wa vitumbua alikuwa ndiyo kwanza anashuka, anakamua leso yake juu ya miguu yangu, akanitangulia:

"Limefika kavu, kasoro pembe moja, nayo inanuka papa. Lakini mwanao huyu, nakuomba, asinunue tena kitu kikubwa kuliko birika."