Jina Nililolishona Ndani ya Kofia

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo ningependa niisahau, na hainiachi. Jana alasiri ndipo uliponikumbusha. Ulikuwa unanisomea ujumbe uliomwandikia mgeni wako wa Kijapani, yule dada unayekwenda kumpokea wiki ijayo, na mle ndani umelikata jina la taifa lake ukamwita kwa kipande kilichobaki. Nilipokwambia ufute, ukaniuliza, "Kwani kosa liko wapi, baba? Si nimefupisha tu?" Mimi nilisema maneno hayo hayo nikiwa na miaka ishirini, na kofia mbele yangu. Basi simu iweke chini kidogo nikusimulie.

Wakati ule watalii ndiyo kwanza wanaanza kuwa wengi Mji Mkongwe. Mimi nilikuwa nashona kofia za mkono, kazi niliyofunzwa na mama yangu kwetu Makunduchi, na kituo changu kilikuwa baraza ya duka la vitambaa la Bwana Kanji, pale Mkunazini. Bwana Kanji alikuwa Mhindu, kazaliwa mtaa ule ule na baba yake kazaliwa hapo hapo. Aliniruhusu nikae kwake kwa sababu uzi wangu niliununua dukani mwake, na kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, mtu mwenye sindano mkononi hana nafasi ya kusema sana. Hapo alikosea, lakini hakunifukuza.

Nilikuwa na tabia ya kukusanya majina ya wageni. Waaustralia walinifundisha wenyewe kwamba wao ni "Aussie", na ukiwaita hivyo wanafurahi na kukupiga bega. Waingereza nao nikawasikia wakijiita "Brit". Nikaona kumbe dunia nzima iko kama sisi. Kwetu Abdalla ni Dula, Suleiman ni Sele, Khadija ni Dija, na ukisikia mtu anaitwa kwa jina lake zima ujue nyumbani kwao kuna kesi. Kumfupishia mtu jina ni kumwambia umeshakuwa wa hapa. Magharibi moja Forodhani, huku tunakula mishikaki, kijana mmoja mgeni akanifundisha na la Wapakistani. Nitalitaja mara moja ulijue, kisha sitalirudia: "Paki". Alilisema huku anacheka, na mimi nilikichukua kicheko chake kuwa ni mapenzi.

Mwaka huo akaja Mzee Nadeem. Alizaliwa Pakistani, lakini zaidi ya nusu ya umri wake aliishi Uingereza, akifanya kazi katika kiwanda cha kufuma nguo. Mkewe alikuwa amefariki miezi michache nyuma, na watoto wake wakamwambia asafiri apumzike. Siku ya kwanza alisimama mbele yangu, akaniomba kofia niliyokuwa naishona, akaipindua akatazama ndani kabla ya kutazama nje. Alisema ndiyo desturi ya watu wa viwandani, uzuri wa kazi unakaguliwa upande usioonekana. Nilimpenda kwa jambo hilo tu.

Basi akawa kila asubuhi anakuja kukaa nasi. Yeye na Bwana Kanji walisemezana kwa lugha ya kwao, kila mmoja na lahaja yake, na yanayonihusu Bwana Kanji akinitafsiria. Mzee Nadeem akaagiza kofia. Kila Idi, alisema, mkewe ndiye aliyekuwa akimchagulia kofia ya kwendea msikitini, na Idi hii ya kwanza bila yeye hakujua avae nini. Nikamwambia hii nitaishona mimi, wala asiwe na wasiwasi. Ilinichukua karibu mwezi mzima. Vitundu vyake vya nakshi vilikuwa vidogo kuliko vyote nilivyowahi kushona, na macho yaliniuma.

Ilipokuwa tayari nikaona haitoshi. Nikataka ajue kwamba kwangu mimi si mteja tena. Nikachukua uzi wa kijani, rangi ya bendera ya kwao, na kwa ndani, pale ukanda unapogusa paji la uso, nikashona zile herufi nne.

Asubuhi ya kumkabidhi, Bwana Kanji aliagiza kahawa na kashata. Mzee Nadeem akaipokea kofia kwa mikono miwili, na kama ilivyo desturi yake, akaipindua. Akakaa anaitazama. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza nani kanifundisha neno hili, na mimi, kwa majivuno kabisa, nikamwambia marafiki. Akaiweka kofia juu ya baraza, akashika mkongojo wake, akaondoka. Kahawa yake hakuigusa.

Nikamgeukia Bwana Kanji. Nikamwambia mzee kakasirika nini, mbona nimefupisha tu. Bwana Kanji akaichukua kofia, akasoma, akavua miwani yake.

"Haji, n'na mdogo wangu Uingereza," akasema. "Kazaliwa ndani ya nyumba hii. Pakistani hajawahi kutia mguu, wala si Muislamu. Na yeye aliitwa neno hili, siku waliyompiga wakamvunja meno."

Nikamwambia mimi sikukusudia ubaya. Akasema anajua, na ndiyo maana bado nimekaa kwenye baraza yake. Akanieleza kwamba Waaustralia lile jina lao wanaitana wao kwa wao, kama mimi na Dula, na hapana aliyekimbizwa barabarani kwa jina hilo. Hili waliloitwa kina Mzee Nadeem lilienea kwa vinywa vya watu waliokuwa wakiwafukuza, na hao hawakutaka hata kujua nani katoka wapi. Ukiwa na rangi ile ya ngozi, lilikuwa lako.

Kisha akaniuliza jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia haya.

"Na mimi, nikigeuza mgongo, nyinyi vijana wa mtaa huu mnaniitaje?"

Lipo jina la mtaani la kuwaitia Wahindi, unalijua, na mimi nililitumia wiki ile ile, nilipokuwa namwelekeza mtu dukani kwake. Aliniambia, bila kupandisha sauti, kwamba analisikia kila siku, kwani mlango wa duka uko wazi na masikio yake mazima. Mwanangu, nilitamani baraza ile ipasuke niingie.

Bwana Kanji akafunga duka. Sikuwahi kumuona akifunga duka asubuhi isipokuwa kwa msiba. Akanambia nichukue sindano na wembe, tukaenda mpaka nyumba ya wageni alikofikia Mzee Nadeem, tukamkuta amekaa ukumbini. Nikamwamkia, nikapiga magoti kama ninavyompigia babu yangu, nikamwambia nimekosa. Nikamweleza nilivyodhani. Bwana Kanji akawa anatafsiri, na mahali nilipojaribu kujitetea nadhani alipapunguza.

Mzee Nadeem akasema kwamba miaka yao ya mwanzo Uingereza, neno lile liliandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa nyumba yao. Mkewe alilisugua kwa brashi na sabuni, akimaliza kabla watoto hawajarudi kutoka skuli. Kesho yake likaandikwa tena, akasugua tena. Hakuwahi kuwaambia watoto.

Na mimi nililishona ndani ya kofia iliyokuwa ishike nafasi ya kofia alizokuwa akichaguliwa na mkewe. Nililia, sioni haya kusema.

Nikamuomba ruhusa nilifumue mbele yake. Akakubali kwa kichwa. Nikakaa sakafuni nikakata uzi mmoja mmoja kwa wembe, nikiogopa kuchana kitambaa, na yeye alitazama mpaka wa mwisho. Lakini kofia ilikuwa imeshatiwa wanga ikakaza, na matundu ya sindano hayakuziba. Nilisugua kwa ukucha, nikalowesha kwa maji, wapi. Ukiiweka kwenye mwanga herufi bado zilisomeka. Nikamwambia nitamshonea nyingine nimpelekee kwa posta.

Akaichukua, akapitisha kidole gumba mle ndani, akaivaa. Ilimkaa sawasawa. Akaniwekea mkono begani na kusema kwa Kiswahili alichojifunza barazani kwetu, "Asante, Haji."

Haji. Mwezi mzima alikuwa akiniita hivyo, jina nililopewa na wazazi wangu, na hakuna siku aliyohitaji jingine ili nijue kuwa ananipenda.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Urefu au ufupi wa jina si hoja. Jiulize nani alikuwa akilitumia, na aliyeitwa alikuwa akifanywa nini wakati huo. Lile ulilomwandikia dada wa Kijapani, watu wa asili yake waliitwa hivyo huko Marekani wakati wa vita vikuu vya pili, huku wakitolewa majumbani na kufungiwa makambini. Wewe hukujua, kama nami sikujua, lakini yeye huenda ndugu za bibi yake walikuwemo. Kicheko cha anayelisema kisikudanganye, mtazame anayeambiwa. Watu wakijifupishia wenyewe, wasubiri wakukaribishe. Na ukikosea, usiseme umetania. Nenda kaombe radhi siku hiyo hiyo, na ukubali kuwa kitu kinaweza kubaki. Mjapani mwite Mjapani, silabi nne hazitakuchosha. Bora zaidi, muulize jina lake.

Na hapa kwetu pia, ukipita dukani kwa mjukuu wa Bwana Kanji, mwamkie kwa jina lake. Mlango wa duka lile bado uko wazi.

Mungu akulainishie ulimi, akupe wageni wema, na kila utakayemwita ageuke kwa furaha. Haya, chukua simu yako umwandikie upya.