Msumeno Uliolikimbiza Soko

Asubuhi niliyoanza kazi katika karakana ya mbao, hapa Kamina, sikukabidhiwa msumeno wa injini. Nilikabidhiwa tupa na mnyororo wake wenye meno butu, nikaamriwa kunoa. Mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Shefu wa Atelie, aliokota unga wa mbao chini ya mashine, akaupikicha kiganjani.

"Unaona, Mukalay? Iko laini sawa unga ya kupika bukari. Hii mashini haikate, iko inasaga. Mnyororo ya muzuri inatoa vipande."

Vijana, huo ndio msingi wa kazi: msumeno hushuhudiwa na kile unachokitema. Nilifundishwa hilo Kamina, nikalitumia nilipohamishiwa Kabongo, na niliporejea hapa nyumbani katika miaka ya tisini vita ilikuwa imekwisha kufunga njia ya vipuri. Hapo kila fundi akawa mvumbuzi kwa lazima.

Mwenzangu Ngoy alipunguza kwa tupa vile vizuio vidogo vilivyo mbele ya meno ya mnyororo, vinavyopima kina cha mkato, ili kila jino lishike mti zaidi. Mimi nilitoboa eshapema, yaani kopo la moshi linalopunguza mlio, ili injini ipumue na kuongeza nguvu.

Ndipo daraja la njia ya Kabondo-Dianda likaanguka. Samaki na mihogo vikakwama ng'ambo, na sokoni watu wakawa wanatazamana juu ya meza tupu. Tulikuwa na petroli ya kuendeshea msumeno mmoja tu. Shefu akaamua tushindane, na atakayeshinda apeleke msumeno wake kukata boriti za daraja jipya. Niliitamani safari hiyo kuliko mshahara.

Gogo la mubanga, mti mgumu kama chuma, lililazwa uani, kando ya soko. Tulikata kwa zamu, kila mmoja ncha zote mbili, asije mtu akadai kwamba mwenzake alipewa upande mwembamba. Ngoy alitangulia, msumeno wake ulinguruma kwa adabu, ukatema vipande vinene. Kisha nikavuta kamba ya wangu.

Ulilipuka kama bunduki. Uliuma mubanga kana kwamba ni muhogo, na mkato wangu ukachukua muda mfupi kuliko wa Ngoy, ncha zote mbili. Niliinua kichwa kupokea pongezi. Soko zima lilikuwa limekimbia. Chini ya meza yake, Mama Numbi, muuza unga, alichungulia akiwa mweupe kwa unga wake wa mwisho hadi kwenye kope.

"Ninyi bantu ba atelie! Miye nimefikiri vita imeingia!"

Ngoy alishika tumbo kwa kicheko. "Shefu, huyu mumupeleke kwa basoda, kule ku vita!"

Shefu hakucheka. "Umeshinda, Mukalay. Sasa uniambie: ukiwasha hii mashini kule kwenye daraja, nani atabakia ya kubeba miti?"

Boriti ya daraja haibebwi na injini. Hubebwa na mabega ya wanakijiji wa pale darajani, na wanakijiji wale walikuwa wamekwisha kujifunza kulala porini kwa sababu ya milio ya bunduki. Msumeno wa Ngoy ndio uliokwenda. Nami nilikwenda, kunoa mnyororo wake na kubeba. Ulipowashwa, watu waligeuza shingo, wakasikiliza, wakabaki. Tulibeba boriti kwa nyimbo, na gari la kwanza lilipovuka, hata Ngoy alinikumbatia.

Baadaye nilifanya kazi Malemba-Nkulu, chini ya wakuu wa kila namna, na sasa nimestaafu. Nawaona vijana wakisifu mashine kwa kasi yake peke yake. Kasi ni kipimo halali, nami nilishinda kwayo. Lakini aulizaye kasi hana budi kuuliza pia ni nani aliyebaki kando ya mashine.

Mama Numbi angali sokoni. Nikipita, huziba masikio kwa vidole vyeupe vya unga.

"Tata Mukalay! Leo umekuja na makelele ao na mikono?"

Nami humwonyesha mikono, kisha nambebea gunia.