Baiskeli ya Nje Iliyomvunja Mkono Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alivunjika mkono, na neno la kwanza aliloniambia nilipofika hospitali ni kwamba baiskeli haikuwa na kosa lolote.

Wala sikuwa nimeuliza. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni na mfuko wangu wa machungwa.

"Ni barabara," akasema. "Wenzetu walipoitengeneza ile baiskeli hawakujua kwamba itakuja kupita kwenye mashimo."

"Ndiyo, Baba," nikaitikia. Kwa mzee huyu, hilo ndilo jibu langu kwa miaka kumi na minne sasa.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, ili muelewe kwa nini baadaye nilikaa nje ya nyumba yake dakika arobaini nikishindwa kupiga hodi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea fremu kwenye kiwanda cha baiskeli. Natumia mkono wa kushoto, na pale kazini wa hivyo niko peke yangu, ndiyo maana wananiita Shoto. Hata meneja ananiita hivyo. Sina hakika kama jina langu lingine analijua.

Baba mkwe ni mkaguzi wa shule mstaafu. Alichostaafu ni shule tu, ukaguzi hakuacha. Ukimkaribisha kwako anapitisha kidole juu ya kabati, halafu anakitazama kile kidole bila kusema kitu.

Nilipomwoa binti yake nilimpelekea zawadi. Baiskeli nyeusi, niliyoichomelea mwenyewe kuanzia bomba la kwanza mpaka la mwisho. Mzee akaizunguka mara mbili.

"Hii ya wapi?"

"Ya hapa hapa, Baba. Ya kiwandani kwetu."

"Ahaa," akasema. Akanishukuru vizuri sana, akaiweka stoo.

Ile "ahaa" ilinikaa rohoni. Kuku wakaigeuza baiskeli yangu kitanda. Umeme ukikatika, mzee anatazama upande wa stoo. Kiberiti kikigoma kuwaka, anatazama stoo. Siku moja bomba lilikauka maji, akaniambia kwa upole kabisa kwamba tatizo la vitu vya hapa ni watu wa hapa.

Mwaka juzi akanunua baiskeli ya nje.

Ya bluu. Ina stika zenye maandishi ambayo mtaa mzima hakuna aliyeweza kuyasoma, na hilo ndilo lililomfurahisha zaidi. Siku aliyoileta aliwatangazia majirani wote, na kabla jua halijazama kinyozi naye alikuwa anajua. Akawa anaifuta kila asubuhi kwa taulo la uso.

Baada ya kama wiki moja akapiga marufuku mtu kuigusa, na mimi zaidi ya wote. Nikisogea, naye anasogea. Nikiinama kufunga kamba ya kiatu, anakuja kusimama katikati.

Nilijua ni dharau. Nikajikaza kisabuni.

Sasa pale hospitali akanipa amri. Baiskeli ilikuwa imekatika shingoni, pale bomba la usukani linapoungana na fremu. Nimtafutie fundi wa kuiunga.

"Fundi mwingine," akasema. "Wewe usiiguse. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Nikatoka pale damu inachemka. Shingo za baiskeli ndiyo kazi inayonilisha, halafu naambiwa nitafute fundi. Nikaipakia kwenye mkokoteni mpaka kiwandani, nikaipandisha kwenye meza yangu mwenyewe.

Jamani, nilikaa chini.

Mshono wa kuchomelea ni kama mwandiko. Wenzangu wote wanaumalizia upande mmoja, mimi naumalizia upande wa pili, na mwishoni naacha kimkia kilichojikunja kushoto. Fomeni alinigombeza juu ya hicho kimkia miaka mingi mpaka akachoka.

Kilikuwa pale, chini ya rangi ya bluu.

Nikaipindua fremu. Chini ya pedeli, mahali tunapogonga namba, nikasugua rangi kwa msasa. 294.

Hapo kumbukumbu zikarudi. Miaka mitatu nyuma tulipata oda ya fremu mia tatu, tupu, hazina rangi wala jina. Zikaingia kwenye kontena zikaenda ng'ambo, na sisi hatukuuliza zinakwenda kufanya nini. Kumbe huko zilipigwa rangi, zikabandikwa stika, zikapandishwa meli kurudi. Mzee alilipia nauli ya kwenda na kurudi ya chuma cha mtaa wa pili.

Hapo nilitaka kucheka mpaka jioni. Kesi ya miaka yote hiyo nilikuwa nimeishinda bila wakili.

Halafu nikatazama vizuri pale palipokatika.

Ndani ya mshono kulikuwa na vitundu vidogo vidogo kama vya mkate. Fundi yeyote akiviona anajua kwamba gesi ya kuukinga mshono ilikuwa inaisha. Na siku yenyewe niliikumbuka. Lori limeshawasha injini getini, zimebaki fremu kumi na mbili, mtungi wa gesi unakoroma. Nikamwambia fomeni tusubiri mtungi mwingine.

"Malizia tu," akasema. "Zinaenda nje, nani atajua?"

Nikamalizia.

Kwa hiyo mkono wa baba mkwe nimeuvunja mimi. Na kuna watu kumi na moja mahali fulani wanaendesha fremu kama ile, na labda mmoja wao amepakia mtoto nyuma.

Njia rahisi ilikuwepo. Naiunga pale pale, napiga rangi ya bluu, napiga kimya. Nikisema, unga unamwagika, na nina watoto wawili shuleni. Tena mzee atakuwa na haki ya kusema lile neno lake la watu wa hapa, na safari hii sitakuwa na cha kujibu.

Nikampigia mke wangu simu. Akasema nianze na baba yake. Alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Ndiyo hizo dakika arobaini. Alasiri, nimekaa kwenye ngazi ya mlango wake, fremu mapajani.

Mwishowe akafungua mwenyewe, mkono mmoja kwenye plasta.

"Umekaa hapo unasubiri matokeo?" akauliza.

Nikaingia, nikamweleza yote macho yakiwa sakafuni. Kontena, lori, mtungi. Nikamwonyesha kile kimkia.

"Baba, aliyekuvunja mkono ni mimi."

Mzee akanyoosha ule mkono mzima, akapitisha kidole juu ya mshono taratibu, na safari hii hakukitazama kidole.

"Niliijua," akasema. "Wiki ile ile ya kwanza."

Nikainua macho kutoka sakafuni.

"Nimekagua miandiko ya watoto miaka thelathini na moja. Anayeandika kwa kushoto namjua kabla sijafika mstari wa pili. Nilikuwa naifuta, nikakiona hiki. Nikaenda stoo, nikafukuza kuku, nikalinganisha. Mkono ni mmoja."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimeshamwambia mpaka kinyozi."

Kumbe alivyokuwa ananizuia nisiisogelee, ni aibu yake ilikuwa inajificha. Nikamuuliza na pale hospitali je, kwa nini alisema ni barabara.

"Mimi ndiye niliyekuwa juu yake," akasema. "Nilisikia kilichoachia. Sikutaka ukae na neno hilo moyoni. Ndiyo maana nikasema fundi mwingine."

Nililia, sifichi. Mzee akatazama dirishani mpaka nilipomaliza.

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja, Baba."

"Kesho asubuhi tunakwenda wote kwa meneja wako. Mimi nitavaa koti."

Tulikwenda. Fomeni aliitwa, akakagua dari la ofisi muda wote. Mimi nilitolewa kwenye kuchomelea miezi sita, nikapelekwa kufunga maboksi. Fremu zikaanza kutafutwa kwa namba, na mzee ndiye anayeshika daftari. Zimepatikana tisa. Zote nimeziunga upya mwenyewe, baada ya saa za kazi.

Siku hizi anaendesha ile nyeusi. Anasema siti inapiga kelele, na ananikumbusha kila wiki.

Funzo nililopata ni kwamba tulipuuza kazi kwa sababu ilikuwa inaenda kwa watu tusiowajua, ikaenda mpaka ng'ambo, ikarudi kumwangusha baba wa mke wangu. Nyie mnaotengeneza vitu, subirini mtungi mwingine.

Sasa sababu hasa ya kuandika haya. Zimebaki mbili, 291 na 297.

Kama una baiskeli ya bluu ya nje, leo usiipande. Ipindue, sugua rangi chini ya pedeli, usome namba. Kisha tazama shingoni. Ukikuta kimkia kimejikunja kushoto, niandikie hapa chini. Nitakuja mwenyewe, na mtungi nitakaokuja nao umejaa.