Figo Lisilokosa Msiba

Kwa muda mrefu niliamini, kwa moyo wote na kwa cheti changu cha masomo ya jioni, kwamba ukimpa mtu figo lako, siku utakayokufa wewe naye anakufa. Figo, nilielezwa, haliwezi kukosa msiba wa mwenyewe.

Usicheke kama hujaishi Kyela. Huku unaweza kukosa harusi ya mtu, ubatizo wa mwanawe, hata kikao ulichokiitisha mwenyewe, ukasamehewa. Kosa msiba, uanze kutafuta watu wa kukuzika. Mama yangu mdogo aliwahi kuvuka Mto Songwe umefurika, sufuria kichwani, kwenda kumlilia mwanamke waliyekuwa hawasalimiani tangu dunia iumbwe. Sasa figo lililokuzwa kwa wali wa Ngonga, lenye adabu zote hizo, likae tu kwenye mwili wa mtu mwingine linachuja mkojo, huku mwenyewe anafukiwa? Litafunga safari. Na aliyelibeba atabaki na nini?

Elimu hii ilitolewa na baba mdogo, uani kwetu Ikolo, siku ukoo ulipoitana kwa ajili ya dada yangu. Mafigo yake yote mawili yalikuwa yamestaafu bila hata sherehe ya kuagwa. Alikuwa akipelekwa Mbeya kusafishwa damu kwa mashine, anarudi amenyauka kama jani la mgomba lililobabuliwa moto, na daktari alishasema kitakachomfaa ni figo la ndugu. Ukoo uliitikia kwa kishindo. Zikaja ndizi, kuku, mchele, na maombi ya kutosha kuponya wilaya mbili. Figo tu ndilo halikuletwa.

"Mimi ningetoa hata leo," alisema baba mdogo, akijishika kiuno, "ila langu limechoka." Akaninyooshea kidole. "Atoe huyu msomi. Tatizo pikipiki yake. Akijibamiza kwenye mwembe, tunazika wawili."

Wazee wakaguna. Kwa hiyo tukawa hatutafuti mtu mwenye figo zima. Tunatafuta mtu asiyekufa. Wilaya nzima hayupo.

Nilipimwa, nikaonekana nafaa. Kuanzia hapo nikaishi kama yai. Pikipiki nikaifunika turubai. Ziwani niliishia vifundoni, na radi ikipiga upande wa Malawi mimi najifungia ndani Tanzania. Dada alinitazama siku moja nikimenya ndizi kwa tahadhari ya mtu anayetegua bomu.

"We mdogo wangu," akasema, sauti imebaki nusu, "kwani unategemea kufa lini?"

"Si ndiyo sijui, dada!"

"Basi mimi siku yangu naijua. Nisipopata hilo figo, haichelewi."

Nikipewa nafasi ya kuongea huwa simalizi, lakini siku hiyo nilimaliza kabla sijaanza.

Hospitali, muuguzi alitukalisha wote wawili, akatueleza upasuaji kwa utaratibu, kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Nilikuwa nimeapa moyoni: jibu likiwa baya, narudi Ikolo na mafigo yangu mawili, dada arudi kwenye mashine, na aibu nitaijua mwenyewe. Nikauliza. Niliuliza kisomi, nikataja mishipa na mzunguko wa damu, lakini mwisho wa swali msiba ulikuwa palepale.

Dada alicheka mpaka akashikwa asidondoke. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu augue.

Muuguzi hakucheka.

"Kaka, hilo figo likishaunganishwa litaishi kwa damu ya dada yako. Wewe ukifa, yeye hafi. Anachotakiwa ni kumeza dawa zake kila siku, mwili wake usije ukalikataa. Na wewe utaishi na hilo moja linalobaki, na kliniki utahudhuria. Msibani kwako, ukitangulia, dada yako atakuja kwa miguu yake, na kurudi nyumbani atarudi."