Mgahawa wa Mama Ambao Haukupigwa Picha

Mama yetu aliuza chai Babati kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuupiga picha mgahawa wake. Ulikuwa karibu na stendi, enzi zile barabara ya Singida bado ya vumbi: kuta za mbao, bati lililoshika kutu, Mlima Kwaraa kwa nyuma. Asubuhi ulinukia tangawizi na maziwa yaliyoletwa na akina mama wa Kibarbaig kwenye vibuyu. Ulibomolewa nikiwa darasa la sita, mama akahamia shambani Sigino. Sasa naye hayupo.

Mwaka jana dada yangu, ambaye ndiye anayelima shamba lile, alikuja dukani kwangu Bagara.

"Mdogo wangu, wewe unachapa kadi za harusi zenye picha za ajabu ajabu. Huwezi kunitolea mgahawa wa mama?"

Nina duka dogo la steshenari, na siku hizo nilikuwa nimeanza kutumia programu ya akili mnemba, ile inayochora kwa kufuata maelezo. Programu ni moja, lakini inafunguka kwa violesura vitatu, yaani sura tatu tofauti za kufanyia kazi kwenye skrini, na nilikuwa sijaamua nishike ipi. Nikamvutia dada kiti tuzijaribu zote.

Ya kwanza ilikuwa nyepesi: sehemu moja ya kuandika na kitufe kimoja. Nikaandika mgahawa wa mbao, mama anapika chai, mlima kwa nyuma. Ikaja hoteli ya vioo, na mlima wenye theluji kileleni. Dada alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

"Hapa ni Moshi bwana, siyo kwetu!"

Nikarekebisha maneno. Theluji ikaondoka, lakini na mgahawa ukawa mwingine kabisa. Kila nilipogusa neno moja, picha nzima ilianza upya.

Ya pili ndiyo niliyoipenda mimi. Ilijaa visanduku vilivyounganishwa kwa nyaya za rangi, na kila waya una kazi yake. Nilikuwa nimehangaika nayo wiki mbili na nilijiona fundi. Nikaanza kumweleza dada huu unatoka wapi na ule unaingia wapi. Aliangalia kwa adabu, kama anavyosikiliza matangazo kanisani.

"Inafanana na redio siku ile baba alipoifungua," akasema.

Baba alifariki mama akiwa na mimba yangu. Dada alikuwa na miaka tisa, na katika maisha yetu yote sikuwahi kumsikia akimtaja. Mama vilevile. Niliogopa nikiuliza atanyamaza. Nikafungua ile sura ya tatu.

Hii nilikuwa nikiidharau kwa sababu ni ya polepole. Ina brashi. Unapaka sehemu unayotaka kubadilisha, unaandika kinachotakiwa hapo tu, na kwingine kunabaki kama kulivyo. Tukaanza na kibanda cha mbao kilichokaribia kufanana. Dada akawa anaonyesha kwa kidole, mimi napaka. Mlango uje kushoto. Jiko la mafiga, siyo la gesi. Bati lichakae zaidi. Tukafika kwa mama.

"Hakuwa mnene hivyo," dada akasema.

"Alikuwa mnene, dada. Namkumbuka."

"Huyo ni mama yako wewe. Mama niliyemjua mimi alikuwa mwembamba, anakimbia huku na huku akiimba."

Sikuwahi kumsikia mama akiimba. Niliona wivu, mtu mzima mimi, lakini nikapaka. Nikaandika mwembamba.

Ndipo dada akaomba kipanya. Mkono uliozoea jembe ulikishika kama yai. Akapaka pembeni mwa mlango, mstari ukiyumba, akaniambia, "Andika benchi. Fupi, la watu wawili." Benchi likatokea. Akapaka tena juu yake. "Sasa andika mwanamume amekaa. Shati la bluu la gereji. Ametugeuzia mgongo."

"Kwa nini mgongo?"

"Sura yake naijua mimi. Hii kompyuta itaniletea ya mtu mwingine, halafu nichanganyikiwe."

Nikaandika. Akatokea, mabega yameinama kidogo. Dada akasogea karibu na skrini. Mteja akaingia kutoa kopi, akahudumiwa, akaondoka, dada bado anaangalia.

"Baba alikaa hapo kila siku kabla ya kwenda kazini," akasema mwishowe.

Nilichapa picha kwenye karatasi ngumu, nakala mbili. Mlima haukutoka vizuri hata baada ya kujaribu mara nyingi, tukauacha. Kazi zangu nyingi sasa nazifanya kwa sura hiyo ya brashi, hata wateja wakilalamika kwamba nachelewa.

Dada hupita dukani Jumapili akitoka kanisani, na siku hizi anamtaja baba bila kuombwa. Juzi alinieleza kwamba baba alikuwa akikata kitumbua katikati, nusu anakula yeye, nusu anamtilia dada kwenye mfuko wa sare ya shule, na mafuta yaligoma kutoka kwenye kitambaa hata mama afue vipi.